Beki Anayeombwa Kurudi

Klabu ikimrudisha mchezaji mstaafu kwenye ujana wake, mwili hurudi pamoja na kumbukumbu za umri ule. Yaliyofuata hufutika yote. Jambo hilo lilimhusu Zawena, kwa kuwa alikutana na mumewe Mbwambo, beki wa zamani, alipokuwa amekwisha kutundika daluga.

Jumapili mashabiki walijaa barazani kwao, wakinywa kahawa na kubishana.

"Huyu alikuwa ukuta, bwana!"

"Ukuta gani? Kwenye fainali si alipigwa chenga akakaa chini?"

"Alikaa, akainuka, akaupokonya mpira. Hadithi imalizie, usituuzie nusu!"

Mbwambo alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Shemeji," mmoja akamwambia Zawena, "turudishie beki wetu."

"Muulizeni mwenyewe."

Wageni walipoondoka, Mbwambo alimsaidia mkewe kukusanya vikombe huku akipiga mluzi.

"Nadhani nitaikubalia klabu," alisema. "Wala usihofu. Utakuja kujitambulisha, nami nitakupenda vilevile."

Zawena alicheka, maana alimwamini. Kisha, akiosha vikombe, akaanza kujaribu kukumbuka siku ile ya kwanza alimwambia nini hasa, na alikuwa amevaa nguo gani.