Panya wa Ukoo wa Pili

Panya alishaacha kuogelea. Pua tu ndiyo iliyobaki juu ya maji, na fundi wa maabara alikuwa bado amesimama na saa mkononi, akimtazama.

"Wewe! Mtoe!" Mwenzake alimsukuma kando, akatumbukiza mkono kwenye gudulia na kumchopoa. "Tumesema dakika tano. Hizi ni tisa! Unataka kumuua?"

Fundi aliomba radhi. Akili haikuwa kazini hata kidogo. Ilikuwa nyumbani, kwa mdogo wake.

Maabara yao ilifuga koo mbili za panya. Wa ukoo wa kwanza, ukiwatia majini, huogelea mpaka wewe mtazamaji ndiye uchoke. Wa ukoo wa pili huzaliwa na huzuni yao: hutapatapa kidogo, kisha hukata tamaa na kuelea tu. Ila ukiwadunga nikotini, hiyo hiyo ya kwenye sigara, wanaogelea kama wenzao. Wale wa kwanza ukiwadunga, wala habari hawana.

Tangu ajue hayo, fundi aliishi roho juu. Baba yao alikuwa hivyo hivyo. Alikaa kitini miezi mitatu, sigara haimtoki mdomoni, mpaka siku aliyomeza vidonge. Na sasa mdogo wake, damu ile ile, alikuwa amehamia kwake ghafla, likizo bila malipo, maelezo hana. Hacheki. Anashinda sebuleni akiangalia mlango. Tena hata sigara havuti, masikini. Fundi mwenyewe alikuwa akimaliza pakiti mbili kwa siku. Mdogo wake hana hata cha kumwinua.

Asubuhi hiyo mdogo mtu alikuwa amemwekea chai mezani.

"Kunywa basi, kaka. Jana pia hukula."

"Nitakunywa. Wewe je, uko sawa kweli?"

Mdogo wake alimtazama, machozi yakamlengalenga. "Mimi niko sawa, kaka."

Niko sawa! Fundi aliyajua majibu ya namna hiyo. Hata baba alikuwa akijibu hivyo.

Kufika saa sita mchana uvumilivu ulimwishia. Aliaga kwamba anaumwa, akaenda nyumbani mbio mbio. Mlango ulikuwa umefungwa, mdogo wake ametoka. Alifungua kabati la dawa: vidonge vyake vya usingizi havipo, chupa zote mbili. Nyembe nazo hazipo. Alichungulia uani, kamba ya kuanikia nguo imefunguliwa misumarini.

Aliingia chumba cha mdogo wake, akalimwaga begi lake kitandani. Mashati, soksi, kisha chupa zote mbili, nyembe, na kamba imekunjwa vizuri kabisa. Aliogopa kuvigusa. Alimpigia simu mama yao.

"Mama, njoo upesi! Huyu mwanao anataka kutuacha kama baba! Nimekuta vidonge kwenye begi lake, nimekuta na kamba. Mama, unanisikia? Nimfanyeje?"

Mama alijibu akilia.

"Najua vimo humo, mwanangu. Mimi ndiye niliyemtuma aje avifiche, wewe usivione."