Lifti ya Kwenda Kupiga Kura

Haya wajukuu zangu, teguni hiki: unacho siku moja tu, hakiliwi wala hakiuzwi, na mlango ukifungwa kinageuka hewa. Msinijibu mbio. Maryse Gaboury alijibu mbio.

Jioni ya uchaguzi alisimamisha gari nje ya nyumba ya baba yake, akapiga honi. Maryse alikuwa anagombea ubunge hapa kwetu Rive-aux-Ormes, ng'ambo ya mto kutoka Montreal, na kinyang'anyiro kilikuwa cha kukabana koo. Pale kwenye majani, mbele ya dirisha la baba mzazi, limesimama bango la mpinzani wake, Yvan Bourdages, meno yote nje.

"Papa, hata leo hujaling'oa?"

"Linafukuza mbwa wa jirani," mzee Fernand akasema, akijivuta na mkongojo. Alikuwa amevaa tai na ile kofia yake ya kupigia kura. Mtaa mzima ulimjua: Fernand ni mtu wa foleni ya siku yenyewe, kofia kichwani, akitaniana na kila aliyesimama.

Safari hii goti lilikuwa limemgomea. Ndiyo maana alimpigia binti yake simu amfikishe kituoni, pale shule ya msingi. Maryse alikubali upesi mno. Naye alikuwa hajapiga kura bado, na kituo chao ni kimoja.

"Papa, unampigia nani?"

"Utajua."

"Mimi si mwanao?"

"Na mama yako hakuwa mama yako? Siku tunamzika ulitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, ukaenda kugonga milango ya watu na vipeperushi vyako."

Maryse akakaza mikono kwenye usukani. Penye kona ya shule hakukata. Akanyoosha.

"Shule si huku, binti yangu."

"Wamechimba barabara, Papa. Tunazunguka kidogo."

"Aa. Basi kama tunazunguka, nipitishe kwa Ti-Guy nipate chipsi za jibini na mchuzi. Sijatia kitu tumboni tangu asubuhi."

Maryse nusura acheke. Akamnunulia sahani kubwa kuliko zote. Mzee akala kipande kimoja kimoja, akipuliza, akiusifia mchuzi, huku jicho linaibia saa ya gari.

"Sasa nionyeshe mto," akasema alipomaliza. "Tangu mama yako aondoke sijauona."

"Mto tu, Papa? Twende!"

Alikuwa amekwisha kupanga yote. Atamrudisha mlangoni pa shule dakika za mwisho kabisa, yeye aruke aingie, mzee abaki nje anahangaika na mkongojo wake. Kura moja ndani, kura moja nje. Akapanda daraja.

Wajukuu, daraja lile, saa ya watu kutoka kazini! Mbele lori limelala ubavu. Nyuma magari yamefungana. Maryse akapiga honi mpaka dereva wa gari la pembeni akashusha kioo.

"Mama, unataka turuke mtoni?"

"Nina haraka!"

"Sote tuko hapa kwa mapumziko, eti?"

Mzee Fernand akacheka mpaka akakohoa. Akaegemea kiti, akautazama mto.

Redio ikatangaza saa mbili: vituo vimefungwa. Maryse akapiga usukani ngumi. Kisha akatulia, akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Basi, Papa. Yangu na yako zimezama pamoja. Ngoma droo."

"Kumbe," mzee akasema, akijifuta mchuzi kwenye masharubu.

Walipofika ukumbini kwa wafuasi wake, puto zilikuwa bado zimening'inia darini, lakini hakuna aliyekuwa anacheza. Josiane, meneja wa kampeni, alikuja huku wanja unamchuruzika mashavuni.

"Ulikuwa wapi wewe? Wamemaliza kuhesabu. Bourdages amekuzidi kwa kura moja. Moja, Maryse! Ingekuwa sare tu, sheria ingeturudisha kwenye uchaguzi upya, na safari hii tungemla mzimamzima!"

Maryse aligeuka polepole kumtazama baba yake, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, kofia magotini, ametulia kama mgeni aliyekwisha kuandaliwa chakula akashiba.

"Papa." Akamsogelea. "Niambie sasa. Ungempigia nani?"

Mzee Fernand akaipangusa kofia yake, akaivaa.

"Nilimpigia Bourdages. Jumapili iliyopita, kwenye kura za mapema. Alikuja kunichukua mwenyewe kwa gari lake, na wala hatukuzunguka."