Jicho la Kushoto

"Macho yote mawili yamepona, mama. Dawa tunaacha," daktari akasema, akinionyesha picha za ndani ya macho ya binti yangu.

Mishipa ya damu ilikuwa imetanda kama mizizi. Katika kila picha, mmoja ulijikunja kama ndoana, pale pale.

"Hili ni jicho moja!" nikamaka.

Mpiga picha, kando ya mashine yake, akajikuna shingo. "La kushoto alilifumba, akalia. Foleni ilikuwa ndefu, nikarudia la kulia."

"Ndiyo funika kombe, siyo? Akipofuka utamwazima lako?"

"Mje kesho, mama," daktari akasema.

Nilikuwa nimeshampakata mwanangu, kidevu chake juu ya mashine, machozi yakimtiririka.

"Fumbua, mama," nikamnong'oneza. Kisha nikampazia sauti mpiga picha:

"Washa!"