Risasi za Blaise

"Risasi za dukani ni za wavivu," Blaise alitamba asubuhi ile kwenye mashindano ya kulenga shabaha ya Durban, akawagawia wenzake wa klabu risasi alizozijaza baruti kwa mkono wake.

Dada yake mkubwa, aliyemwita Yaya, alifyatua wa kwanza. Bastola ikalia "puf" kama kizibo cha soda, na karatasi ya shabaha haikupata tundu.

Blaise akaelewa palepale. Ganda lile hakulitia baruti; fataki ya kitakoni peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa cha risasi, kikakwama ndani ya mtutu. Ikifuata nyingine, bastola itampasukia dada mkononi.

"Eish, risasi yako iko na kikohozi!" Dada akacheka, akaikoki bastola tena.

Watu wote walikuwa wakisikiliza. Blaise akapaza sauti hivyo hivyo.

"Yaya, acha! Nilisahau baruti!"

Dada akashusha mkono. Wenzao wa klabu, mmoja mmoja, wakaanza kuzitoa risasi za Blaise kwenye bastola zao.