Sauti ya Matangazo ya Vifo

Bi Salhina alikuwa uani akimenya mihogo aliposikia redioni sauti yake mwenyewe ikisoma matangazo ya vifo. Hakushtuka. Kituo cha redio alichokuwa akitangazia kilikuwa kimeichukua sauti hiyo na kuitia kwenye mashine, kisha kikamwambia akapumzike nyumbani.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Mzee Shomvi Kitwana," ilisema, kwa upole uleule uliowaliza watu miaka yote.

Mzee Shomvi, mumewe, alikuwa amekaa kando yake akinywa uji.

"Huyo si mimi?" aliuliza.

Kabla mkewe hajajibu, majirani waliingia na mikeka na masufuria. Mmoja alimkumbatia Bi Salhina huku akilia. "Pole, dada. Umejikaza kweli, kumtangaza mumeo mwenyewe!"

"Lakini yuko hai! Mtazameni!"

Walimtazama mzee, wakatazamana, kisha wakaendelea kutandika mikeka. Sauti ile haikuwahi kuwadanganya. Nje, wanaume walikuwa wakishusha jeneza la msikiti.

Mzee Shomvi aliweka bakuli chini taratibu, akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio ili asikie atazikwa saa ngapi.