Duka Lisilomwamini Hata Mama

Itangazwe kwa wakazi wote wa Kitale, kuanzia Tuwan hadi Endebess: leo asubuhi duka la mbegu la mama yake Wacuka limeacha kumwamini binadamu yeyote. Kila anayetaka namba ya siri ya kompyuta, hata mwenye duka, lazima kwanza apigiwe kwa simu ya kaunta athibitishwe.

Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa plasta ya kufungia vidonda.

Msimu uliopita tapeli alijifanya Mama, na karani wa tawi la Bungoma akampa kila kitu. Akidanganywa tena, kazi hana.

Wacuka, aliyefunga shule juzi akiwa bingwa wa kuiga sauti ya matroni, alijificha nyuma ya magunia ya chakula cha ng'ombe na simu ya Mama, akampigia karani wa Bungoma. Akakohoa kama Mama.

"Dada, nitumie ile namba ya siri. Haraka, niko na wateja."

Wacuka akakumbuka kazi ya yule dada, akaacha kucheka.

"Pole, Madam," karani akasema. "Hata wewe sikuamini. Ngoja nikupigie kaunta."

Simu ya kaunta ikalia. Mama akapangusa pumba mikononi, akapokea, akasikiliza. Uso ukamkunjuka polepole.

"Hapana, si mimi. Asante sana, dada. Kazi yako iko salama."

Kisha akayageukia magunia. "Na huyo mwenye sauti yangu atoke."

Wacuka akainuka, pumba zimejaa nyweleni.

"Ni mimi, Mama. Lakini si umeona vile amekataa?"