Mia Tatu kwa Mia Tatu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Karatasi mbili zilikuwa zimelazwa sambamba mezani kwa profesa, na hazikupishana hata herufi moja.

"Seli mia tatu za ubongo wa binadamu," alisema profesa. "Watu wawili, kila mmoja na hadubini yake, hakuna aliyeona majibu ya mwenzake. Na mmekubaliana zote. Mimi na mke wangu hatukubaliani hata kiasi cha chumvi."

Fundi wa hadubini ya pili, bwana wa makamo, alicheka kwa kuchelewa. Mwewe, fundi wa hadubini ya kwanza, hakucheka.

Maabara nzima ilimwita Mwewe kwa sababu ya macho yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiitupia seli yoyote ya neva jicho mara moja tu na kuitaja aina yake: piramidi, nyota, kikapu. Lakini tangu mwaka jana mtoto wa jicho alikuwa amemtia ukungu macho yote mawili, na hakumwambia mtu. Wiki iliyopita, akiwa peke yake, alifungua droo ya slaidi akakuta karatasi isiyo na jina, imejaa majibu. Wanaofanya kazi hiyo walikuwa wawili tu. Aliinakili toka seli ya kwanza hadi ya mia tatu.

"Saa sita naituma orodha hii," profesa aliendelea. "Maabara nyingine sita zitapanga seli zao kwa kuifuata hii."

Mwewe aliziwekea mkono zile karatasi. Hakujua auweke wapi uso wake.

"Usiitume, profesa. Sikuziona hizo seli. Macho yangu hayafai tena. Nilinakili majibu ya kaka huyu."

Profesa alivua miwani, akaishika tu mkononi.

Mwewe alimgeukia mwenzake, tayari kwa lolote atakaloambiwa. "Unisamehe, kaka. Kazi ni yako, mimi nimedandia."

Bwana yule alikuwa ameinamisha kichwa. Kola ya koti lake jeupe ilikuwa imelowa jasho.

"Uliyatoa wapi majibu yangu, dada?"

"Kwenye karatasi yako. Ile ya droo ya slaidi."

Bwana yule aliufuta ukingo wa meza kwa kidole, ingawa haukuwa na vumbi.

"Ile si yangu," alisema. "Nami niliinakili nikidhani ni yako."